Sukari ya Mama Nayo Ina Bei: Majibu kwa Wasomaji kuhusu Biashara za Wanafunzi

Barua nyingi zilizofika mezani mwetu muhula huu zinahusu jambo moja: wanafunzi wa umri wa miaka 12 hadi 15 wanaotakiwa shuleni kubuni bidhaa, kuitengeneza na kuiuza, ili wajifunze ujasiriamali na misingi ya uchumi kwa vitendo. Tumechagua barua nne, mbili za walimu, moja ya mzazi na moja ya mwanafunzi. Tumezifupisha bila kugusa maana yake.

Ndugu Mshauri,
Nafundisha Gredi ya 8 katika Kaunti ya Kwale. Muhula uliopita kundi la wanafunzi wanane lilitengeneza mabuyu ya rangi, likabuni jina, nembo na mfuko wa karatasi, kisha likauza pakiti 200 kwa shilingi 10 kila moja. Kwa kuwa walitumia shilingi 640 tu kwa rangi, arki, iliki na karatasi, walipata faida ya shilingi 1,360, na mwalimu mkuu akawasifu mbele ya gwaride. Sasa mwenye duka jirani na shule anataka kununua pakiti zote watakazotengeneza kwa shilingi 6 kila moja. Wanafunzi wanashangilia. Mimi nasitasita, ila sijui hasa kwa nini. Je, niwaruhusu?

Mwalimu, kusita kwako kuna msingi, na usiwaruhusu kabla hawajaandika upya daftari lao la fedha. Ukigawa shilingi 640 kwa pakiti 200 unapata shilingi 3.20 kwa pakiti, na kwa hesabu hiyo bei ya mwenye duka inaacha faida ya shilingi 2.80. Lakini mabuyu hayapikwi kwa rangi na iliki peke yake. Sukari ilitoka wapi? Makaa je? Na mabuyu yenyewe yaliletwa na nani? Kwa desturi ya shule zetu, nadhani sukari ilitoka kabatini kwa mama wa mwanafunzi mmoja, makaa yakatoka jikoni mwa shule, na mabuyu yakaokotwa chini ya mbuyu wa bibi wa mwanafunzi mwingine. Vitu hivyo vyote vina bei, ila bei hiyo ililipwa na mtu ambaye jina lake halimo daftarini.

Tuseme zilitumika kilo 2 za sukari kwa shilingi 300, makaa ya shilingi 100, na kilo 4 za mabuyu ambazo mnunuzi angezitolea shilingi 400. Gharama inapanda kutoka 640 hadi 1,440, yaani shilingi 7.20 kwa pakiti. Kwa bei ya rejareja ya shilingi 10 kundi bado lina faida, nayo ni shilingi 560 badala ya ile 1,360 iliyopigiwa makofi. Kwa bei ya jumla ya shilingi 6, kila pakiti inayotoka mlangoni inaondoka na hasara ya shilingi 1.20, na kadiri mwenye duka atakavyoagiza nyingi ndivyo hasara itakavyokua. Furaha ya wanafunzi wako inasimama juu ya sukari ya mama, na mama huyo hatatoa sukari kila wiki.

Hata hivyo, usiwape hesabu hii kama jibu la mwisho, kwa sababu ndani yake mna swali tamu kuliko yote, nalo ni bei ya yale mabuyu. Kama kijijini kwa bibi hupita wanunuzi wanaokusanya mabuyu, basi kuyapeleka shuleni kulimgharimu bibi zile pesa ambazo angelipwa na mnunuzi. Kama hakuna anayepita, na matunda yale yangeozea chini ya mti, gharama yake ni jasho la kuyaokota tu. Hapo jumla inashuka hadi shilingi 1,040, ambazo ni shilingi 5.20 kwa pakiti, na ofa ya mwenye duka inaacha senti 80. Tazama, Mwalimu, jinsi uamuzi mzima wa kundi unavyoning'inia kwenye jibu la bibi mmoja. Wanauchumi wana majina marefu kwa jambo hili. Wanafunzi wako watalielewa kwa kusema kwamba gharama ya kitu ni kile unachokiacha ili ukipate. Wapeleke kwa bibi wakamuulize, na waandike jibu lake.

Halafu wahesabu saa zao. Wanafunzi wanane, tuseme kwa saa tatu kila mmoja, ni saa 24 za kazi. Senti 80 kwa pakiti 200 ni shilingi 160, ambazo zikigawiwa kwa saa hizo hazifiki shilingi 7 kwa saa. Sisemi kwamba watoto walipwe mshahara. Nasema wajue kwamba biashara isiyolipa kazi ya mwenyewe huonekana ina faida kwa sababu tu hakuna aliyeidai, na kwamba wako watu wazima wengi katika masoko yetu wanaoishi ndani ya kosa hilo bila kulitambua.

Mambo mawili madogo. Mfuko wa karatasi mliouchagua ni uamuzi wa sheria na wa ubunifu kwa pamoja: tangu tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, vile vifuko vyembamba vilivyokuwa vikifungiwa mabuyu havina tena nafasi, na karatasi nayo ina taabu yake katika hewa yenye unyevu ya Pwani, kwani sukari hulowa na mabuyu kuganda ubavuni mwa mfuko. Kundi litakalotatua tatizo hilo kwa gharama isiyozidi shilingi moja litakuwa limebuni kitu cha kweli, zaidi ya nembo. Pili, kuuza shuleni kama zoezi ni jambo moja, na kupeleka chakula kilichofungashwa dukani ni jingine, kwa kuwa huko huhitajika alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Mwenye duka anajua hilo. Wanafunzi nao walijue.

Na ikiwa langoni kwenu kuna mama anayeuza mabuyu, kama ilivyo katika shule nyingi za Pwani, mwalikeni darasani kwa kipindi kimoja. Siku mliyouza pakiti 200, yeye aliuza ngapi? Wanafunzi walichukua fedha ambazo wenzao wangempelekea yeye, na ni haki wasikie soko linavyosikika kutoka upande wa pili wa meza.

Mpendwa Mshauri,
Mimi ni mzazi, naishi Nakuru. Mtoto wangu wa Gredi ya 7 huniomba shilingi 200 au 300 mara kwa mara za kununua vifaa vya "biashara ya darasa". Bidhaa ikishatengenezwa huletewa mimi niinunue. Fedha zikishalipwa sijui huenda wapi. Naunga mkono watoto kujifunza kazi, lakini nahisi nimekuwa mfadhili na mteja kwa wakati mmoja.

Mama, au Baba, maana hukusema, umeeleza tatizo vizuri kuliko vitabu vingi. Bidhaa ambayo vifaa vyake hununuliwa na mzazi, kisha ikanunuliwa na mzazi yuleyule kwa huruma, haimfundishi mtoto bei, mahitaji wala ugavi. Inamfundisha kuomba, nalo ni somo ambalo watoto wetu hawahitaji kusaidiwa.

Malalamiko kuhusu gharama za Mtaala wa Umilisi (CBC) wa Kenya kwa familia yalisikika nchi nzima, na wakati kikosi kazi cha Rais kilipopendekeza mageuzi mwaka 2023, masomo ya sekondari msingi yalipunguzwa kutoka 14 hadi 9, na biashara, iliyokuwa somo la peke yake, ikaunganishwa na kompyuta na stadi za awali za ufundi. Muda wa biashara ukapungua, na hiyo ni sababu zaidi ya kuutumia kwa makini badala ya kuujaza bidhaa za maonyesho.

Pendekeza kwenye mkutano wa wazazi utaratibu huu. Shule itoe mtaji mdogo ulio sawa kwa kila kundi, tuseme shilingi 500, uwe mkopo unaorudishwa mwisho wa muhula kabla ya kugawana chochote. Hakuna kundi linaloruhusiwa kuongeza fedha wala vifaa kutoka nyumbani bila kuviandika kwa bei yake. Mtaji ukiwa sawa, mtoto wa mwenye duka na mtoto wa kibarua wanaanza mstari mmoja, na ubunifu ndio utakaowatofautisha. Mauzo yafanyike siku iliyotangazwa, ndani ya shule, baada ya vipindi. Mtoto kupita barabarani na beseni kichwani wakati wa masomo ni uchuuzi tu, hata ukipewa jina la somo.

Kuhusu fedha, zisiingie katika M-Pesa ya mwalimu binafsi, hata awe mwaminifu kiasi gani. Zihesabiwe na wanafunzi wawili mbele ya mwenzao wa tatu, ziandikwe siku hiyohiyo, na daftari lisomwe kwa sauti mbele ya wazazi. Una haki ya kuuliza zilikokwenda, na mwanao ana haki hiyo zaidi yako.

Ndugu Mshauri, shikamoo.
Nafundisha Elimu ya Biashara Kidato cha Kwanza mkoani Morogoro. Niligawa darasa katika makundi sita nikawaambia wabuni bidhaa. Makundi yote sita yakaleta sabuni ya maji katika chupa za nusu lita. Tuliweka meza siku ya kikao cha wazazi; ziliuzwa chupa tisa, nyingi kwa walimu. Nilikosea wapi?

Marahaba, Mwalimu. Ulikosea mahali ambapo wengi wetu tumekosea: uliwaambia wabuni bidhaa kabla hujawaambia watafute mnunuzi. Mwanafunzi asiye na mnunuzi kichwani hutengeneza kile anachojua kutengenezwa, na kwa sasa, kila semina ya ujasiriamali kutoka Kigoma hadi Lindi hufundisha sabuni ya maji. Makundi sita yakaleta jibu moja kwa swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Msihuzunike lakini, kwani mmepata bila gharama kubwa somo zuri la ugavi unaozidi mahitaji. Liandikeni ubaoni kwa takwimu zenu wenyewe, chupa ngapi zilitengenezwa, tisa zikauzwa, kabla hamjaendelea.

Kisha wapeleke wanafunzi wakaangalie watu wananunua nini. Nasisitiza kuangalia, kwa sababu kuuliza "Je, ungenunua sabuni yetu?" ni kupoteza muda. Mtu mwungwana hamkatalii mtoto wa shule usoni. Atasema ndiyo, tena kwa tabasamu, na siku ya mauzo hatafika. Swali lenye faida ni hili: wiki iliyopita ulinunua sabuni gani, ya shilingi ngapi, na uliitumia kwa kazi gani? Nina hakika kaya nyingi zitajibu kwamba zilinunua sabuni ya mche. Wanafunzi wachimbe hapo. Mche hukatwa vipande, kwa hiyo mwenye fedha kidogo hununua kipande. Hufua, huosha vyombo na huogea. Haumwagiki, na mama huona kwa macho umebaki kiasi gani. Chupa ya nusu lita haina hata moja ya sifa hizo, na nembo nzuri haiwezi kuzifidia.

Nani basi hutumia sabuni ya maji kwa wingi? Mama lishe anayeosha sahani mia kwa siku, mwenye saluni, mwosha magari. Hao hawataki nusu lita. Wanataka dumu la lita 5, waletewe walipo, na chombo kirudishwe kijazwe tena. Bidhaa ni ileile, ila mteja, ujazo, bei na njia ya kuifikisha vimebadilika, na huko kubadilika ndiko ninakokuita kubuni. Kundi jingine litaona kwamba kibuyu chirizi cha shule, chombo cha kunawia mikono, hukosa sabuni kila Jumatano, likabuni kishikizo cha mche usioibwa wala kuyeyuka kwa maji. Mchoro wa kwanza wauonyeshe kwa watu watano, warekebishe, ndipo watumie fedha. Karatasi ni rahisi kuliko kemikali. Na kwa kuwa tumezitaja: sodakostiki na asidi zishikwe na mwalimu, kwa glavu na miwani, na ni soda inayotiwa katika maji, kamwe si maji juu ya soda.

Niruhusu kurudi nyuma kidogo. Mimi nilisoma enzi za shamba la shule. Tulilima mahindi miaka mitatu, tukavuna, magunia yakaondoka kwa lori, na hadi leo sijui yaliuzwa kwa bei gani. Tulihitimu tukijua jembe na kulichukia. Lakini ukirudi kwenye andiko lenyewe la Mwalimu Nyerere la Machi 1967 kuhusu Elimu ya Kujitegemea, utakuta aliomba kitu tofauti kabisa: kwamba wanafunzi wapewe nafasi ya kuamua, na akatoa mfano wa kuamua kama fedha walizozipata zikodi trekta la kutayarishia shamba, au zitumike kwa jambo jingine na kazi ile waifanye kwa mikono yao. Mfano huo mmoja una uchumi mwingi kuliko miaka yangu mitatu ya palizi. Shule nyingi zilichukua jembe zikaacha uamuzi, na naona hatari hiyohiyo leo, tukichukua sabuni na kuacha uamuzi.

Mshauri, shikamoo.
Mimi ni mwanafunzi wa Gredi ya 9 katika Kaunti ya Kakamega. Kampuni yetu ya darasa iliuza hisa 24 za shilingi 75, tukapata 1,800. Tulishona mifuko 30 ya sokoni kwa kitambaa cha magunia, kila mmoja ukagharimu shilingi 60. Tumeuza 18 kwa shilingi 80. Imebaki 12, kwa sababu akina mama wanasema mkono wake ni mfupi, hauingii begani. Tuna shilingi 1,440, yaani hasara ya 360. Wenzangu wanataka tuuze iliyobaki kwa shilingi 40, lakini mwalimu anasema ni mwiko kuuza chini ya gharama, na ametupa alama za chini kwa sababu ya hasara. Muhula unaisha wiki mbili zijazo. Tufanye nini?

Marahaba, mwanangu. Barua yako ina hesabu safi, na nikianza na alama, ningekuwa mimi mwalimu wako ningekupa za juu. Alama zikifuata faida, makundi yatajifunza kuuzia shangazi zao na kuficha sukari ya mama, kama wale wa Kwale. Alama zifuate daftari: je, kila shilingi imeandikwa, sababu ya hasara imejulikana, na uamuzi unaofuata umetokana na sababu hiyo? Ninyi mnajua kwa nini mifuko 12 imebaki. Kampuni kubwa hulipa watu kuwatafutia jibu la namna hiyo.

Sasa huo mwiko. Kwa heshima zote kwa mwalimu wako, gharama ya shilingi 60 ni fedha iliyokwisha kutoka, na hairudi mkiuza wala msipouza. Mkiiacha mifuko hiyo kabatini mtakuwa na shilingi 1,440 na kila hisa itarudishiwa shilingi 60. Mkiiuza yote 12 kwa shilingi 40 mtaongeza 480, mtakuwa na 1,920, na kila mwenye hisa ya 75 atapokea 80. Kwa hiyo kuuza chini ya gharama kunaweza kuigeuza hasara yenu kuwa faida ndogo. Mwalimu ana hoja kwa biashara inayoendelea, kwa sababu wateja wakizoea kwamba bei hushuka mwisho wa muhula watangoja, na waliolipa 80 watanung'unika. Kampuni yenu, hata hivyo, inafungwa baada ya wiki mbili. Utaratibu huo wa wanafunzi kuuza hisa, kuchagua viongozi, kuzalisha, kisha kuvunja kampuni na kuwalipa wanahisa mwisho wake ni wa zamani. Junior Achievement, shirika la Marekani la kuwafundisha vijana biashara, lililoanzishwa Springfield, Massachusetts, mwaka 1919, ndilo lililoueneza, na kufunga hesabu ni sehemu ya somo sawa na kuifungua kampuni.

Kuna njia ya tatu ambayo barua yako imeitaja bila kuiona. Kama mkono ni mfupi, urefusheni. Tuseme kipande cha kitambaa na uzi vinagharimu shilingi 10 kwa mfuko, na mfuko wenye mkono mrefu unauzwa kwa 70. Mkiuza yote 12 mtapata 840, mtoe 120 za ukarabati, zibaki 720, ambazo ni nyingi kuliko zile 480. Lakini mkiuza 8 tu mtabaki na 440, na bora mngeuza kwa 40. Mkiuza 9 mtabaki na 510. Mstari wenu, basi, ni mifuko 9 kati ya 12, na swali si tena la mwiko au si mwiko, ila ni kama mnaamini wako akina mama tisa watakaolipa shilingi 70.

Rudini kwa waliolalamikia mkono mfupi. Rekebisheni mfuko mmoja tu kwanza, mwende nao sokoni siku ya soko, mwombe walipe palepale badala ya kuahidi. Kabla hamjaondoka, kila mmoja wenu aandike kwenye karatasi idadi anayodhani itauzwa, mzifunge kwenye bahasha, na mzifungue siku mtakapowaita wanahisa wenu kuwasomea hesabu.